Mfereji Husafishwa Kabla ya Zamu

Kila tunapowaalika Wakristu kwenda kufanya mafungo ya kiroho katika monasteri, jibu huwa ni lile lile: "Hatuna nafasi." Mwalimu ana madaftari ya kusahihisha, mfanya biashara ana duka, mama ana watoto, mkulima ana shamba. Hatusemi kwamba hao wanadanganya. Lakini twaukumbuka mwaka 2011, maelfu ya watu walipofunga safari kutoka pande zote za nchi, na hata nje yake, kwenda Samunge wilayani Ngorongoro kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Magari yalipanga mstari wa kilometa nyingi, na watu wakalala njiani. Leo hatukusudii kuamua juu ya kikombe kile. Twasema tu kwamba nafasi ilipatikana, kwa maana mtu ajijuaye kuwa ni mgonjwa huipata.

Basi, shida yetu kubwa siyo uchache wa siku, bali ni kutojua namna ya kuziandaa. Na katika jambo hili twaweza kujifunza kwa majirani wa Samunge, yaani watu wa Digodigo.

Watu hao ni Batemi, ambao wengi huwaita Wasonjo. Nchi yao ni kavu, na tangu enzi za mababu wamelima kwa mifereji. Maji ya chemchemi na vijito huongozwa mashambani, na wazee wenye mamlaka hugawa zamu. Mwenye zamu hawezi kuyaamuru maji yaongezeke, wala hawezi kuyaweka mpaka kesho. Lililo katika uwezo wake ni kuondoa mapema matope na majani mferejini, ili maji yatakapofika yapite. Maji hufuata mkondo.

Neema ya Mungu nayo ni vivyo hivyo. Hatuitengenezi sisi, wala hatuinunui kwa nauli ya basi. Yeye huitoa apendavyo. Sisi twaombwa kuisafishia njia. Na kazi hiyo hufanyika nyumbani, kabla ya safari.

Mfikirieni sasa baba mmoja wa Digodigo atakaye kwenda mafungo ya siku tano. Zamu yake ya maji itafika naye hayupo, na mahindi hayaendi mafungo. Hana budi kumwomba jirani amwagilizie shamba. Lakini itakuwaje ikiwa jirani huyo ndiye aliyegombana naye mwaka jana kwa ajili ya maji hayo hayo, na tangu siku ile hawaamkiani? Hapo ndipo mafungo yake yanapoanza. Lazima avuke mfereji, apige hodi, na kusema: "Ndugu yangu, nilikukosea, nisamehe. Tena nina ombi." Bwana wetu Yesu Kristu alifundisha waziwazi kwamba mwenye ugomvi na ndugu yake aiache sadaka yake mbele ya altare, akapatane naye kwanza. Tazameni: shughuli ile ile tuliyoidhani kuwa kizuizi ndiyo inayotuonyesha mlango tuliokuwa tumeufunga.

Nanyi mkaao mijini, mnao mifereji yenu. Yuko mwenzenu wa ofisini ambaye mngempa kazi yenu azishike siku hizo, lau mngekuwa mnasemezana. Yuko mdeni mnayemkwepa, na mdai anayewakwepa. Mtu akiondoka pasipo kutengeneza hayo, atayabeba yote katika mfuko wake mpaka kanisani kwa watawa, nayo yatamsemesha saa zote za kimya.

Kwa hiyo twashauri mambo manne.

Kwanza, chagueni siku mapema, mkaandike kwa watawa kuomba nafasi. Wabenediktini wa Ndanda, Peramiho, Hanga na Mvimwa hufuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, nayo huagiza kwamba kila mgeni apokewe kama Kristu mwenyewe. Lakini hata mwenyeji mwema hupenda kujua mgeni wake anafika lini.

Pili, mafungo ya baba yasiwe mzigo wa mama. Baba apasue kuni, aache fedha ya chakula, apange na watoto wakubwa kazi zao. Na atakaporudi, yeye abaki nyumbani, mama naye aende. Mara ngapi tumewaona akina mama wakiwafungia wengine mizigo ya safari, na wao wenyewe hawajapumzika hata siku moja mbele ya Bwana!

Tatu, anzeni kujizoeza. Benedikto Mtakatifu hakuwaondolea wamonaki wake kazi. Aliagiza kazi ya mikono kila siku, na maji, kinu na bustani viwe ndani ya monasteri. Ila aliamuru pia kwamba isikikapo ishara ya sala, mmonaki aache mara moja lile alilo nalo mkononi. Juma moja kabla ya safari, jaribuni hivyo kwa robo saa kila jioni. Na lililo mkononi mwetu siku hizi mara nyingi ni simu! Asiyeweza kuiweka chini nyumbani kwa robo saa, atawezaje kuiacha siku tano?

Nne, iachieni nafasi siku ya kurudi. Msiijaze mikutano na madeni ya kazi. Mkulima hamwagilii shamba halafu akalikanyaga kabla maji hayajazama.

Wapendwa, Bwana wetu aliwaita Mitume kando wapumzike, kwa sababu watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Hakungoja kwanza kazi ziishe, maana kazi haziishi. Sisi nasi tusingoje. Leo jioni, kabla ya kuuliza nauli ya Songea au ya Masasi, kila mmoja ajiulize: ni jirani gani nisiyeweza kumwomba anishikie zamu yangu? Akisha kumjua, aondoke, akapige hodi.