Lugha Iliyokuja na Pembe za Ndovu

Je, kitu chema kilicholetwa kwa njia mbaya kinatudai shukrani? Swali hili linatugusa sisi wa Muhuta tunaosoma Kiswahili, kwani lugha hii ilienea katika mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika pamoja na biashara ya karne ya 19, iliyotafuta pembe za ndovu na watumwa kupitia Ujiji.

Wapo wanaosema tuwashukuru wafanyabiashara wale, kwa kuwa bila wao tusingekuwa na lugha hii. Wengine wanaiona ina doa. Hata katika Kirundi cha mitaani, kumwita mtu "umuswahili" mara nyingi ni kumwita mjanja asiyeaminika. Naona pande zote mbili zina kosa moja: zinadhani kitu hubaki mali ya aliyekileta.

Tutazame kwanza mahali pa mbali ambapo biashara ilifika bila utawala. Mnamo mwaka 98, Mroma Tacitus aliandika kuhusu Aestii, watu wa pwani ya Baltiki, waliookota kaharabu ufukoni na kustaajabu walipolipwa. Kwake hawakujua thamani ya mali yao. Lakini sarafu za Kirumi zimefukuliwa huko makaburini: wenyeji walizipa kazi yao wenyewe, na Roma haikuwatawala kamwe. Kwetu nako, shanga za kigeni ziligeuka fedha ya soko la Ujiji, ilhali Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia watu wa Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji, wasiitawale Burundi. Kupokea bidhaa si kumpokea mwenye bidhaa.

Pingamizi zito lipo. Mwami aliweza kukataa. Mtumwa aliyejifunza Kiswahili njiani, mzigo kichwani, hakuchagua chochote. Nakubali. Lakini kwa sababu hiyohiyo shukrani haiwezi kwenda kwa mwenye msafara. Yeye alitaka pembe na watu. Lugha ilikuwa chombo tu. Walioifanya njema ni waliobaki nayo: wavuvi na wauza ndagala wanaoelewana kwayo na wenzao wa Kigoma, Uvira na Kalemie.

Basi deni lipo, ila tumekuwa tukimtafuta mdai asiye sahihi. Tunadaiwa na waliouzwa, na deni lao hulipwa kwa kusema waliyotendewa, bila kuyapamba, kwa Kiswahili hikihiki, tena bila kukionea aibu.