Wazo la Leo: Nyumba Hiyo Unaiweza?

Mtu hujikuna ajipatapo. Anayetaka kununua nyumba Nairobi kwa mkopo huuliza kwanza benki itampa kiasi gani. Angeanza na swali jingine: nikishalipa, nitabaki na nini?

Tupige hesabu. Nyumba ni shilingi milioni 6. Unatoa milioni 1 ya kwako, benki inakukopesha milioni 5. Kwa riba ya asilimia 14 na muda wa miaka 20, utalipa takriban shilingi 62,000 kila mwezi. Mpaka umalize, milioni 5 hizo zitakuwa zimekugharimu karibu milioni 15. Hapo bado ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia 4 ya thamani, yaani 240,000, kisha ada za wakili na mthamini, na bima. Tena bomba likipasuka, hakuna landilodi wa kumpigia simu.

Kwa hiyo, jaribu kabla ya kutia sahihi. Ikiwa kodi yako ni 30,000, weka kando zile 32,000 za ziada kila mwezi kwa nusu mwaka, huku ukiendelea kulipa karo na michango ya harusi na matanga. Ukifika mwisho bila kukopa kwa simu, unaiweza, na mkononi una 192,000 za kuanzia ushuru. Ukishindwa, tafuta ya bei nafuu au ongeza akiba kwanza. Afadhali ujue sasa kuliko kujulishwa na dalali wa mnada.