Mkanda wa Jeshi na Swali la Nani Kaufanya

Katika nyumba nyingi za Shinyanga na Geita, ugonjwa wa ghafla huzua swali la nani kautuma kabla ya swali la ni ugonjwa gani. Mkanda wa jeshi hulichochea swali hilo kuliko maradhi mengi, kwa kuwa malengelenge yake yenye maumivu makali huzunguka upande mmoja tu wa kifua au kiuno na kukoma katikati ya mwili, kana kwamba yamechorwa kwa mkono wa mtu.

Kinachousababisha ni kirusi cha tetekuwanga, cha jamii ya hepesi, ambayo tangu 2022 jina lake rasmi ni Orthoherpesviridae. Virusi vya jamii hii vina nyuzi mbili za DNA, yaani kemikali ibebayo maelekezo ya urithi, ndani ya gamba la pande 20 lililovikwa utando wa mafuta, na vikishaingia mwilini havitoki. Vinavyojulikana sana kwa binadamu ni tisa, katika koo tatu: alfa hujificha kwenye neva, beta na gama hasa katika seli nyeupe za damu. Mtoto akipona tetekuwanga, kirusi hubaki kwenye vifundo vya neva kando ya uti wa mgongo, pengine kwa miaka 40, hadi kinga ishuke kwa uzee au kwa VVU. Ndipo hufuata neva moja hadi kwenye ngozi, na kwa kuwa kila neva huhudumia ukanda wa upande mmoja, mchoro ule hujitokeza wenyewe.

Atauliza mtu: wachimbaji wa duara moja, yaani shimo moja la machimbo, wote waliugua tetekuwanga utotoni, kwa nini augue huyu, tena leo? Swali hilo ni halali, na biolojia hulijibu nusu tu. Muumini huiachia nusu iliyobaki kwa Mungu, na hapo hadhuriki jirani yeyote. Ramli chonganishi, ile inayotaja mbaya wa mtu, huijaza kwa jina, mara nyingi la bibi kizee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa samadi anayopikia. Na vikongwe wa Shinyanga wamekatwa mapanga kwa ushahidi huo. Marufuku ya wapiga ramli, iliyotangazwa na serikali ya Tanzania Januari 2015, ilikuwa ya haki.

Dawa ya asikloviri hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Mgonjwa apelekwe zahanati kwanza, na apimwe VVU.