Kikombe cha Mwenyeji

"Kunywa, mwanangu, jua kali." Mama alichovya kikombe cha plastiki ndooni, akanipa. Nilikuwa Manzese, Dar es Salaam, nimekuja kupima maji yale yale. Nilijua mkono unaozama ndooni huacha nini. Hata hivyo nilikunywa, kwa sababu kukataa maji ya mwenyeji ni kumtukana.

Maabara tulichuja sampuli na kuiweka kwenye nyuzi joto 44 kwa saa 24. Shirika la Afya Duniani linataka katika mililita 100 za maji ya kunywa isionekane E. coli hata mmoja. Sahani ya maji ya bomba ilikuwa safi. Ya maji ya ndoo ilikuwa na madoa ambayo vidole vyangu vyote havikutosha kuyahesabu.

Kwa mtafiti, hayo ni majibu mazuri: yanaonyesha uchafu uliingia baada ya bomba. Kwa mujibu wa utaratibu wetu, washiriki wangeelezwa mwishoni, wote kwa pamoja. Ukimwambia mtu mapema atabadili mazoea yake, na utafiti utaharibika. Lakini wajukuu wa mama yule walikuwa wanakunywa leo. Je, jibu ni mali ya nani: aliyelipima au anayelinywa?

Kulikuwa na jambo jingine lililonisumbua. Nikimweleza, nitakuwa nimesema mikono yake ndiyo tatizo. Mtaani kwake maji hutoka siku chache kwa wiki, kwa hiyo ni lazima ayahifadhi, na kadiri yanavyokaa ndivyo klorini inavyopungua. Vipimo vyangu viliuona mkono wake. Siku ambazo bomba lilikuwa kavu havikuziona.

Nilimweleza msimamizi wangu kwamba siwezi kusubiri, kisha nikarudi Manzese na ndoo yenye koki na dawa ya klorini. Nikamweleza mama yote, na la bomba pia. Alinyamaza kidogo.

"Na wewe ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nahisi."

"Sasa mbona hukusema siku ile ile?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani nimemheshimu kwa kunywa. Kumbe nilijihatarisha kwa kikombe kimoja, nikaondoka na adabu yangu, nikawaachia wao ndoo nzima.