Nani Aseme Mtu ni wa Asili Gani?

Mwaka 1961, kabla bendera ya uhuru haijapandishwa, Bunge la Tanganyika lilijadili jambo zito: uraia wa nchi mpya uwe wa Waafrika peke yao, au wa kila aliyeifanya nchi hii kuwa kwao? Mwalimu Julius Nyerere alikataa katakata uraia unaopimwa kwa rangi ya ngozi. Baadaye, sensa ya mwaka 1967 ilipopita, sensa zetu ziliacha kuwauliza watu makabila yao. Malezi hayo yametufanya tuamini kwamba kuandika asili ya mtu katika karatasi ya serikali ni kupanda mbegu ya utengano. Imani hiyo ni njema. Lakini yafaa tuipime, kwa sababu imani isiyopimwa hugeuka kuwa mazoea.

Tuchukue mfano wa Marekani. Huko wazee wengi wasioweza tena kujihudumia huishi katika makao ya kuwatunzia. Sheria iliyopitishwa mwaka 1987 iliyataka makao yanayolipwa kwa fedha za bima ya serikali yamtathmini kila mkazi kwa namna moja nchi nzima: anapoingia, kisha kila miezi mitatu, na kwa ukamilifu zaidi kila mwaka. Muuguzi hujaza fomu. Je, mzee anaweza kula mwenyewe? Kumbukumbu yake imepungua? Ana vidonda vinavyompata mtu aliyelala kitandani muda mrefu? Katika fomu hiyo hiyo huandikwa rangi na asili yake. Mwezi Oktoba 2023 sehemu hiyo ilipanuliwa: orodha moja fupi ikaacha nafasi kwa maswali mawili, moja kuhusu asili ya Kilatini na jingine kuhusu rangi, yenye majibu mengi zaidi kuliko zamani.

Pengine msomaji atauliza: mzee aliyekaribia mwisho wa safari yake ana haja gani ya kuulizwa rangi yake? Je, huko si kumfuata na ubaguzi hadi kitandani?

Jibu limo katika historia ya nchi hiyo. Bima ya afya ya wazee iitwayo Medicare iliundwa mwaka 1965, na hospitali zilizotaka malipo yake zililazimika kuacha kuwatenga wagonjwa Weusi. Katika makao ya wazee utengano haukuondoka kwa urahisi hivyo. Tafiti za miaka mingi zimeonyesha kwamba wazee Weusi hujikuta mara nyingi zaidi katika makao yenye wauguzi wachache, na kwamba hupatwa na vidonda vya kitandani zaidi kuliko wazee Weupe. Kidonda hicho huanza kwa wekundu mdogo wa ngozi. Juu ya ngozi nyeupe wekundu huo huonekana mapema. Juu ya ngozi nyeusi huweza kujificha mpaka ngozi ipasuke. Mambo haya yangejulikanaje kama hakuna aliyeandika nani ni nani? Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Dhuluma isiyohesabiwa nayo ni maradhi yaliyofichwa.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kuisifu kalamu. Jirani zetu wa Rwanda waliandikiwa kabila katika vitambulisho tangu miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Mwaka 1994 neno moja katika kitambulisho lilitosha kumpeleka mtu kwenye kifo chake kizuizini barabarani. Baada ya mauaji yale ya kimbari neno hilo liliondolewa. Basi kuandika asili ya mtu kwaweza kumlinda, na kwaweza kumwangamiza. Tutatofautishaje?

Sisi twaona kwamba yafaa kuuliza maswali matatu. La kwanza: habari hii inatafutwa kwa manufaa ya nani? La pili: ni nani anayejibu? La tatu: je, anayeulizwa ana haki ya kunyamaza?

Swali la pili ndilo linalosahauliwa zaidi. Kwa muda mrefu karani wa sensa wa Marekani ndiye aliyemtazama mtu usoni akaamua rangi yake. Mwaka 1890 makarani waliagizwa hata kupambanua nani ana robo ya damu ya Kiafrika na nani ana sehemu moja tu ya nane, kana kwamba damu hupimwa kwa kibaba. Mazoea ya kukisia hayakwisha upesi. Fomu ya zamani ya makao ya wazee iliruhusu, mzee akishindwa kujibu na ndugu wasipopatikana, mtumishi aandike kwa kutazama tu. Maagizo ya mwaka 2023 yanataka mzee mwenyewe aulizwe kwanza; asipoweza kujibu, waulizwe jamaa zake; na jamaa wasipokuwapo, zitazamwe kumbukumbu za hospitali. Lakini mzee akikataa kujibu, huandikwa kwamba amekataa, na hakuna ruhusa ya kulitafuta jibu kwa mtu mwingine. Kutoweza kusema na kutotaka kusema ni mambo mawili, na heshima ya mtu imo katika kuyatenganisha.

Anayekisia hudhuru hata kama hana nia mbaya. Wenyeji wa asili wa Marekani wameandikwa mara nyingi kuwa Weupe katika kumbukumbu za afya. Kila anayeandikwa hivyo, dhiki ya watu wake hupungua katika hesabu, ilhali haijapungua mwilini.

Tumfikirie pia mzee wa pwani yetu aliyehamia huko kwa wanawe, baba yake Mhadhrami na mama yake Mdigo. Kanuni za serikali ya Marekani zilizokuwapo tangu mwaka 1997 zilimhesabu mtu wa asili ya Kiarabu kuwa Mweupe. Kundi la watu wa Mashariki ya Kati lilitengwa katika kanuni za mwaka 2024. Mzee huyu aweza kuchagua majibu mawili, wala hata hayo hayatamweleza yote. Lakini yakiwa maneno yake mwenyewe, yana ukweli ambao macho ya mgeni hayawezi kuufikia. Na muuguzi anayemwuliza huenda ametoka Afrika Mashariki, kama walivyo wengi katika kazi hiyo. Huyo ajua kwamba mzee huamkiwa kwanza, ndipo aulizwe.

Sisi tulioacha kuuliza kabila tusijione kuwa hatuna la kujifunza. Sensa zetu za mwaka 2012 na 2022 ziliuliza habari za watu wenye ualbino, si kwa kuwatenga, bali ili taifa lijue ni wangapi na wako wapi, lipate kuwalinda. Walimu huandika habari za wanafunzi kila mwaka, na wanafunzi wa leo watakuwa makarani, wauguzi na mahakimu wa kesho. Basi tuwazoeze mapema: kabla ya kuandika habari ya mtu, wamweleze kwa nini inahitajika, wamsikilize, waandike alichosema, na akinyamaza, wauheshimu ukimya wake.