Aliyefika Saa Kumi na Moja



Vijana wakibishana habari za vita vya zamani, hakosi mmoja wa kusema, "Marekani ndiyo iliyoshinda." Mwingine humjibu kwa hasira kwamba Marekani ilikuja wengine wamekwisha kufa, ikavuna shamba lililolimwa na watu. Nataka tulitazame jambo hili katika Vita Vikuu vya Kwanza, maana ndani yake mna swali linalotugusa sisi tunaoishi kwa kungojea msaada: anayekuja amechelewa, tumshukuru kiasi gani?

Tarehe hazibishaniwi. Vita vilianza Julai 1914, na Marekani iliingia tarehe 6 Aprili 1917. Katikati hapo Wafaransa, Waingereza, Wajerumani na Warusi walikufa kwa mamia ya maelfu. Mwaka 1915 nyambizi ya Ujerumani iliizamisha meli Lusitania, wakafa watu karibu 1,200, na 128 kati yao walikuwa Wamarekani. Hata hapo Rais Woodrow Wilson hakuingia, na mwaka 1916 alichaguliwa tena akisifiwa kwamba ameiepusha nchi yake na vita. Huku nyuma wafanyabiashara wa Marekani walikuwa wakiwauzia Waingereza na Wafaransa silaha na chakula. Kwa hiyo haikuwa nje kabisa. Anayeuza mapanga sokoni asituambie kuwa ugomvi haumhusu.

Ilipoingia, haikuwa tayari. Askari wake wa kudumu walikuwa kama 127,000 tu. Mwezi wa Mei 1917 ikatungwa sheria ya kuwaandikisha wanaume wa miaka 21 hadi 30, na kwa sheria hiyo waliitwa jeshini watu karibu milioni 2.8 kabla vita havijaisha. Walipaswa kufundishwa, kuvishwa na kuvushwa bahari. Mizinga na ndege nyingi walizotumia walizipata kwa Wafaransa na Waingereza. Mwaka mzima ukapita hivyo.

Lakini hapa ndipo penye jambo la ajabu. Askari wale walibadili vita kabla wengi wao hawajafyatua risasi. Majemadari wa Ujerumani walijua kwamba mamilioni wanakuja. Urusi ilikuwa imejitoa, na Ludendorff akaona lazima ashinde upesi, Wamarekani wasijae kwanza. Tarehe 21 Machi 1918 akashambulia kwa nguvu zake zote. Alisonga mbele sana, akapoteza askari wengi mno ambao hakuwa na wa kuwaziba pengo. Upande wa pili, wakati wa kiangazi hicho, Wamarekani kama 10,000 walikuwa wakishuka Ufaransa kila siku. Mfaransa aliyechoka, akiwaona vijana wale wenye afya wakipita barabarani, alipata moyo wa kushika bunduki siku nyingine. Kisha nao wakapigana kwelikweli. Katika Meuse-Argonne, kuanzia 26 Septemba hadi vita vilipokoma tarehe 11 Novemba, walikufa Wamarekani kama 26,000.

Basi nani alishinda? Ufaransa ilipoteza askari karibu milioni 1.4. Marekani ilipoteza kama 116,000, na zaidi ya nusu yao waliuawa na magonjwa, hasa homa ya mafua. Mimi siwezi kusema kwamba mzigo ulikuwa sawa. Tunaujua mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu: wa saa kumi na moja alilipwa sawa na wa asubuhi. Lakini yule alikuwa amekaa sokoni kwa sababu hakuna aliyemwajiri. Marekani ilikuwa na kazi, tena yenye faida.

Hata hivyo kijana wa miaka 21 aliyetolewa shambani kwao Iowa hakuchagua kuchelewa wala kuwahi. Serikali ndiyo iliyopiga hesabu, yeye akaitwa akaenda. Nadhani tunakosea tunapowachanganya hao wawili. Serikali tuihoji, kijana tumshukuru. Tena wako waliostahili zaidi: kikosi cha 369 cha Wamarekani weusi kutoka New York kilipewa Wafaransa, kwa kuwa jeshi lao wenyewe halikutaka wapigane bega kwa bega na weupe. Walikaa siku 191 mstari wa mbele, kisha wakarudi nyumbani kwenye ubaguzi uleule.

Kuchelewa si neno pekee la kuuliza. Kuna na kuondoka mapema. Wilson alihubiri haki ya mataifa na kuundwa kwa Shirikisho la Mataifa, lakini Seneti ya nchi yake ikaukataa mkataba mwaka 1919, na tena 1920. Marekani haikukaa kabisa katika Shirikisho hilo. Na ni kwa jina la Shirikisho hilo Rwanda na Burundi ziliwekwa chini ya Wabelgiji na Tanganyika chini ya Waingereza, wala wenyeji hawakuulizwa, hata jamaa za wapagazi waliokufa kwa njaa na magonjwa wakibeba mizigo ya vita hivyohivyo.