Nani Shahidi wa Mji? Kumbukumbu za Kitale na Haki ya Wakazi wa Tuwan

Kumbukumbu za mtu kuhusu mji au kijiji alikokulia ni ushahidi, na kila ushahidi huzusha maswali mawili ambayo wanafalsafa na watu wa dini wameyashughulikia kwa karne nyingi: kwa nini msimulizi aaminiwe, na ni nani mwenye haki ya kusimulia. Mjini Kitale, katika kaunti ya Trans Nzoia, maswali hayo si ya darasani tu. Mji huo unakumbukwa na makundi mawili yaliyoishi pamoja bila kula meza moja. Kundi la kwanza ni walowezi wa Kiingereza, ambao wengi wao waliondoka karibu na uhuru wa 1963 na kuwasimulia wenzao huko kwao habari za mashamba, bustani na klabu. Kundi la pili ni vibarua waliolima mashamba hayo, ambao watoto na wajukuu wao ni miongoni mwa wakazi wa mitaa kama Tuwan, Kipsongo, Matisi na Mitume. Kumbukumbu za walowezi zimo vitabuni na katika barua zilizohifadhiwa. Za vibarua zimo vichwani mwa wazee, na kila msiba huondoka na sehemu yake.

Uingereza ina desturi ndefu ya kuandika habari za mahali padogo. Mwaka 1086 watu wa Mfalme William walipita kijiji baada ya kijiji wakihesabu mashamba, ng'ombe wa kulimia na vinu vya kusagia. Mwaka 1538 Thomas Cromwell aliagiza kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Ndiyo maana hata kijiji kisichowahi kutoa mtu mashuhuri kinaweza kutaja majina ya watu wake wa karne nyingi nyuma, na katika karne ya 20 W. G. Hoskins aliweza kuifanya historia ya vijiji kuwa somo la chuo kikuu huko Leicester. Lakini madaftari hayo yalikuwa na pengo. Yalimtaja kibarua alipobatizwa, alipooa na alipozikwa, yakanyamaza kuhusu maisha yake ya kila siku. George Ewart Evans aliliona pengo hilo alipoishi Blaxhall, kijiji cha Suffolk. Aliketi na majirani zake wazee, watu waliovuna kwa mkono kabla ya mashine, akawauliza walivyofanya kazi, walivyooka mikate na walivyochunga kondoo. Kitabu chake kilitoka 1956. Hata nchi yenye madaftari ya miaka mia nne, basi, ililazimika kumwendea kibarua na kumuuliza.

Walowezi wa Trans Nzoia walitoka katika desturi hiyo ya kuandika. Wengi walikuwa wanajeshi waliopewa ardhi chini ya mpango wa 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Reli ilifika Kitale 1926, na mwaka huohuo Luteni Kanali Hugh Stoneham akaanzisha jumba lake la makumbusho, alimoweka vipepeo, wadudu, ndege, vitabu na vifaa vya wenyeji alivyokusanya kwa miaka mingi. Alifariki 1966, akaacha mkusanyo wake pamoja na fedha za kujengea jumba jipya. Jumba hilo lilifunguliwa 1974, na ndilo lililokuwa la kwanza kati ya makumbusho ya bara nchini Kenya. Leo uwanjani mwake zimejengwa nyumba za asili za jamii za eneo hilo. Stoneham anastahili shukrani. Bila yeye, vitu vingi vya wakati ule vingeoza.

Tatizo liko mahali pengine, katika sentensi iliyorudiwa mara nyingi katika masimulizi ya walowezi: kwamba nyanda za Trans Nzoia zilikuwa tupu walipofika. Ni kweli kwamba vita vya Wamaasai katika karne ya 19 vilikuwa vimepunguza watu na mifugo. Hata hivyo Wasabaot wa Mlima Elgon na Wasengwer wa vilima vya Cherangany waliijua nchi hiyo kwa majina ya mito, malisho na mapango yake, na mashimo ya kale yanayohusishwa na Wasirikwa yanaonyesha kuwa wafugaji waliishi huko karne nyingi kabla ya mlowezi wa kwanza. Tume ya ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, iliyoteuliwa 1932, ilisikiliza wazee wa Elgon waliodai kuwa nyanda hizo ni zao. Maneno yao yaliandikwa na kuchapishwa. Mashamba hawakurudishiwa.

Kitu kimoja kidogo kinaonyesha vizuri zaidi jinsi kumbukumbu zilivyogawanywa: kipande. Kwa sheria ya 1915, iliyoanza kutumika kwa nguvu baada ya vita, kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alipaswa kubeba cheti chenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake. Ndani yake mwajiri aliandika siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kuachishwa. Karatasi hiyo ilikunjwa ndani ya kijisanduku cha bati kilichofungwa kwa kamba na kuvaliwa shingoni. Mwenye kukivaa hakuruhusiwa kuongeza neno. Bwana asipotia saini ya kumwachia, kibarua hakuweza kuajiriwa kwingine, na akiondoka alihesabiwa mtoro. Skwota, yaani mfanyakazi aliyeishi na familia yake ndani ya shamba, alidaiwa na sheria ya 1918 siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka. Maisha ya mtu mzima aliyejenga, akaoa, akazika wazazi na kulea watoto kwenye shamba hilohilo yaliingia katika nyaraka kama siku za kazi na kiasi cha posho. Mtaalamu wa wadudu humwandikia kipepeo wake mahali na tarehe aliponaswa. Kibarua wa Trans Nzoia aliandikiwa zaidi kidogo tu ya hapo, na hilo ni jambo la kuhuzunisha.

Baada ya uhuru mashamba yalibadilisha wenyewe. Mengine yalichukuliwa na Shirika la Maendeleo ya Kilimo, mengine yakanunuliwa na vyama vya ushirika, kampuni za kununua ardhi na watu wenye uwezo. Aliyekosa pesa za hisa alikosa ardhi, hata kama alizaliwa juu yake. Njia mojawapo iliyobaki ilikuwa ya kuelekea mjini. Tuwan ni mmoja wa mitaa ya Kitale inayokaliwa na watu wa namna hiyo pamoja na wengine waliokuja kutafuta riziki: Wabukusu na Wamaragoli, Waturkana, Wakikuyu, Wateso na wengineo, wanaoishi kwa biashara ndogo, jua kali na vibarua vya msimu wa mahindi. Mtaa wa namna hii mara nyingi husimuliwa kwa takwimu za maji taka na nyumba za mabati, kana kwamba wakazi wake hawana jana. Wanayo, na imo ndani ya mashamba yaleyale ambayo walowezi wanayakumbuka kwa majina ya farasi na maua.

Wanafalsafa wawili wa Scotland walibishana juu ya swali la kuaminiwa. David Hume, mwaka 1748, alishikilia kwamba ushahidi wa watu huaminiwa kwa sababu uzoefu umeonyesha mara nyingi kuwa unalingana na mambo yalivyo. Kwa hiyo ni lazima upimwe. Thomas Reid, aliyekuwa mchungaji wa kijiji cha New Machar kabla ya kuwa profesa, alijibu mwaka 1764 kwamba mtoto huamini kabla hajajua kupima, na kwamba Muumba ndiye aliyetia ndani ya wanadamu tabia ya kusema kweli na tabia ya kusadiki. Kila mmoja ana sehemu ya haki. Kosa la ukoloni lilikuwa kuwagawia watu kanuni hizo kwa rangi: mlowezi aliaminiwa kama Reid alivyotaka, kibarua akapimwa kama Hume alivyotaka, na mizani yenyewe ilikuwa mkononi mwa mlowezi. Kugeuza mgao huo leo, mzee wa Tuwan akaaminiwa kwa kila neno na barua ya mlowezi ikatupwa, kungekuwa kosa lilelile upande wa pili.

Kuna jambo la kidini pia. John Mbiti, mwanatheolojia Mkenya, aliandika katika kitabu chake cha 1969 kwamba katika imani nyingi za Kiafrika mtu aliyekufa anaendelea kuwa karibu na jamaa zake maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Anapokufa wa mwisho aliyemjua, marehemu huzama katika zamani. Wengine wamemlaumu Mbiti kwa kuzijumlisha mno jamii zenye imani tofauti, lakini katika eneo la Bungoma na Kitale hoja yake ina mfano wa wazi. Mwaka 1895 jeshi la Waingereza lililoongozwa na Charles Hobley liliwashambulia Wabukusu katika maboma ya Lumboka na Chetambe, karibu na Webuye ya leo, na watu wengi waliuawa. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza wafuasi wengi hadi Chetambe kuwaombea na kuwakumbuka waliouawa hapo. Serikali ya kikoloni iliona uasi. Mwezi wa Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi waumini huko Malakisi, wakaua watu 11, na dini hiyo ikapigwa marufuku mwaka huo. Ilikuwa na wafuasi miongoni mwa maskwota wa Trans Nzoia pia. Kwa watu hao kukumbuka mahali kulikuwa ibada, deni kwa wafu ambao hawakupata wa kuwalilia kwa utaratibu. Aliyewazuia kukumbuka alijua vizuri kwamba mwenye kumbukumbu ya mahali ana dai juu ya mahali hapo.

Jamii za eneo hilo hazikusubiri vyuo vikuu kuwafundisha kupima ushahidi. Wabukusu huhesabu miaka kwa tohara, inayofanyika kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Agosti. Kila kundi la waliotahiriwa hupata jina, mara nyingi kwa tukio la wakati huo, na makundi hukusanywa katika marika manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Rika hurudi baada ya takriban karne moja. Mzee anayesema jambo lilitokea kabla hajatahiriwa anatoa tarehe inayoweza kulinganishwa na ya mwenzake. Katika kumuse, baraza linalofanyika siku chache baada ya kumzika mzee mwenye heshima, msemaji hutembea katikati ya watu akiwa na fimbo na kueleza asili ya koo, safari zao, viapo vyao na mwenendo wa marehemu. Si kila mtu anaruhusiwa kazi hiyo, na msemaji huongea mbele ya koo ambazo zina habari zao wenyewe za mababu anaowataja. Akipotosha, wapo wanaojua. Mwanahistoria Gideon Were alipoandika historia ya Abaluyia, iliyotoka 1967, alitegemea wazee wa aina hiyo, na akachapisha maelezo yao ili msomaji aweze kuyapima mwenyewe.

Uislamu una kanuni inayofanana nayo. Wataalamu wa hadithi hawakuridhika na maneno. Walidai sanad, mlolongo wa wasimulizi, wakachunguza kama kila mmoja alikutana na aliyempokea na kama alijulikana kwa ukweli. Torati nayo haitoshelezwi na shahidi mmoja. Mafundisho haya yote yanaelekea upande mmoja: kumbukumbu ni amana, na anayeitoa hadharani anakubali kuulizwa aliisikia wapi, alisimama wapi, na nani mwingine alikuwepo.

Bila masharti hayo kumbukumbu inaweza kuua. Mpango wa makazi wa Chebyuk katika Mlima Elgon, ulioanza 1971 kwa ajili ya watu waliotolewa Chepkitale, uliacha madai yasiyopatana kuhusu nani alipewa shamba gani. Kati ya 2006 na 2008 wapiganaji wa Sabaot Land Defence Force, na baadaye wanajeshi wa serikali waliotumwa kuwakabili, walihusika katika mauaji ya mamia ya watu na mateso ya wengi zaidi. Maelfu walikimbilia nyanda za chini. Kila upande ulikuwa na historia yake kamili ya ardhi ile, na hapakuwa na mahali pa kuziweka zote mbele ya watu wasioogopana. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, ilipokea taarifa zaidi ya 40,000 kutoka nchi nzima. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, ingawa mapendekezo yake mengi yamekaa makabatini. Mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliwapa Waogiek wa Chepkitale haki katika kesi ya ardhi ya mababu zao, jambo ambalo tume ya Carter isingelifikiria.

Kuhusu Kitale yenyewe, hukumu ya haki ni kwamba barua za walowezi na masimulizi ya Tuwan ni nusu mbili za ushahidi mmoja, na nusu ya pili ndiyo iliyo hatarini. Waliozaliwa mashambani kabla ya uhuru wamepita miaka 60, na waliofanya kazi humo wakiwa watu wazima wamebaki wachache. Shule, makanisa, misikiti na jumba la makumbusho la Kitale wawaendee wazee hao sasa, na kando ya kila jibu waandike jina la msemaji, rika lake, shamba alilolifanyia kazi na kazi aliyoifanya humo.